Waya Chini ya Zulia

"Lete hiyo simu, mwali!"

"Dakika moja tu, Somo."

"Dakika moja yako imeanza tangu asubuhi. Geuka nikusugue mgongo."

Adila hakugeuka. Ilikuwa siku ya tano yuko ndani, chumba kilekile cha kwao Zinga, mwili mzima unanukia liwa na miguu inamwasha kwa hamu ya kutoka. Huyu ni fundi wa sola, jamani. Alizoea kupanda juu ya mabati na koleo mfukoni, siyo kulazwa mkekani asuguliwe kama sufuria ya pilau. Ijumaa, keshokutwa, alikuwa anaolewa na Ishaka. Mpaka siku hiyo hakuruhusiwa kutoka wala kuonana naye, na simu ilikuwa marufuku. Aliificha chini ya mto, na Bi Ashatu, somo yake tangu alipovunja ungo, alijifanya haioni mpaka asubuhi hii.

Kilichomkosesha raha ni picha. Ishaka aliituma asubuhi ile kutoka kwenye nyumba yao mpya, Mbegani:

"Ona sebule yetu, mke wangu. Inawaka!"

Mapazia mapya, zulia jipya jekundu, na ukutani, juu ya televisheni, inverta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya nyumbani.

Inverta hiyo Adila aliifunga kwa mikono yake mwezi uliopita. Aliifunga stoo, mita moja kutoka kwenye betri, kwa waya mnene wa milimita za mraba thelathini na tano. Hesabu aliipiga mara tatu kabla ya kukata hata kipande.

"Imefikaje sebuleni?" aliandika.

"Mama kapenda iwe hapo, wageni waone taa zake. Tumemwita fundi wa hapa mtaani."

"Na betri?"

Ujumbe ukasomwa. Akaandika tena:

"Ishaka, betri ziko wapi?"

"Zipo stoo palepale. Wewe ni mwali, pumzika."

Apumzike! Adila aliketi, akalala, akaketi tena.

"Una nini wewe?" Bi Ashatu aliuliza. "Umekaa kama umekalia siafu."

"Kutoka stoo mpaka sebuleni ni mita saba, Somo. Inverta ile ikibebeshwa mzigo inavuta zaidi ya ampea mia kutoka kwenye betri. Umeme mwingi hivyo unataka waya mfupi na mnene. Ukiurefusha, halafu ukaweka mwembamba, waya unachemka."

"Yaani unywe uji mzito kwa mrija?"

"Hivyohivyo. Ila mrija huu unaungua."

Bi Ashatu aliacha kusugua. "Basi mpigie. Mimi sijaona kitu."

Simu ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na kelele za wanawake, vicheko, na mlio mwembamba usiokoma: pii, pii, pii.

"Hicho kinacholia ni nini?"

"Inverta," Ishaka alisema. "Imeanza walipowasha birika la umeme. Pampu inavuta maji, na friza la juisi nalo limewashwa. Inasema betri zimepungua."

"Saa saba mchana, jua lote hili? Betri zimejaa. Umeme unapotelea njiani! Soma ubavuni mwa waya, pameandikwa ngapi?"

"Kumi."

"Kumi! Umepitishwa wapi?"

"Chini ya zulia. Mama hakutaka uonekane."

"Na juu ya zulia kuna nani?"

"Kina mama. Wanachambua mchele wa harusi."

Adila alisimama wima, kanga nusura imvuke.

"Weka mkono juu ya hilo zulia."

Alimsikia akiomba njia, kisha, "Yarabi! Lina moto! Na kuna harufu ya plastiki."

"Zima inverta, kisha kimbia stoo ushushe breka, ile swichi kubwa ya betri. Waambie kina mama waondoke hapo!"

"Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie waya unaungua!"

"Adila..." Sauti yake ilishuka. "Mama aliniuliza kama wewe umeridhia ihamishwe. Nikamwambia umeridhia."

Adila aliusahau moto. Alilisikia hilo neno tu.

"Ulimwambia mimi nimeridhia?"

"Sikutaka akuone mbishi kabla hujaingia nyumbani. Nilikuwa nakulinda."

"Hukunilinda, umenisemea! Kwa jina langu umewakalisha watu juu ya moto. Zima, halafu sema ukweli mbele yao. Simu usikate, nataka nisikie. Ukishindwa, Ijumaa usije."

Alisikia hatua. Mlio ukanyamaza, pampu ikanyamaza. Kisha sauti ya mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Kuruthumu, ikapanda juu ya zote:

"Nani kazima? Juisi za watu zitaharibika!"

"Nimezima mimi, mama. Inukeni, mama zangu, waya unaungua hapo chini." Akapaza sauti. "Na Adila hakuridhia. Hakuulizwa. Nilikudanganya, mama."

Alisikia zulia likifunuliwa. Mtu akapiga ukelele, kisha simu ikakatika.

Adila alilia mpaka liwa ikamchirizika usoni.

"Utaolewa, mwanangu?" Bi Ashatu aliuliza taratibu.

"Sijui, Somo. Wallahi sijui. Nampenda, na leo namwogopa."

Alasiri hodi ikabishwa. Haikuwa kawaida mama mkwe kumfuata mwali ndani, lakini aliyeingia ni Bi Kuruthumu, kitu kimefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alifungua kanga. Waya, ganda limeyeyuka, nyuzi nyekundu za zulia zimegandia.

"Hapa ndipo nilipokuwa nimekaa mimi," alisema. "Mimi mwenyewe, na sinia mapajani. Ishaka kanidanganya kwa sababu ananiogopa. Uoga huo nimeulea mimi, nisamehe. Inverta yako itarudi ulipoiweka. Anayetaka kuiona ataifuata stoo."

Alipoondoka, ujumbe wa sauti wa Ishaka uliingia.

"Adila, inverta sijaigusa. Nasubiri useme mwenyewe irudi wapi. Na kama hunitaki tena, nitakwenda kwa baba yako mimi, niseme kosa ni langu. Sitakusemea tena, wala sitakutupia lawama."

Aliusikiliza mara nne. Hakujibu. Siku mbili alizunguka chumba kile kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

Ijumaa, baada ya swala, baba yake, Mzee Bwanausi, alisimama mlangoni na mashahidi wawili.

"Adila binti Bwanausi, Ishaka anataka kukuoa. Umeridhia nikuozeshe?"

Kwao mwali huulizwa, akanyamaza, na kimya chake kikahesabiwa ndiyo. Mwanzoni Adila alinyamaza. Bi Ashatu akatabasamu, kigelegele tayari mdomoni.

"Kanyamaza," shahidi mmoja alisema. "Karidhia."

"Sijasema!" Adila aliinua ushungi. Barazani, walikoketi wanaume, mazungumzo yalikatika, na Ishaka alifumba macho.

"Baba, mimi sisemewi," Adila alisema, kwa sauti iliyofika mpaka huko nje. "Nimeridhia. Nimesema mwenyewe."

Barazani Ishaka aliinamisha kichwa, akalia mbele ya watu wote, wala hakujificha.