Dole Nusu la Nyarugusu

Siku mtoto wa Akida aliponyamaza, chumba kilianza kunuka karabai, taa ya wachimbaji wa zamani ambayo mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo.

Kunyamaza kwenyewe walikushangilia. Kale katoto kalikuwa kamelia siku thelathini na nane, kwa sauti ya honi ya lori la pamba, na majirani wa pale Shinyanga mjini, mwaka ule wa sabini na moja, walikuwa wameacha kumsalimia Akida. Walimpa pole tu. Hospitali ilisema mtoto mzima. Shangazi Tabu alisema mtoto anadai jina.

"Kwetu Mhunze mtoto halii bure. Tumemtajia mababu wote, hataki. Amebaki baba yangu, babu yako."

"Si umtaje, Shangazi."

"Nitamtajaje? Alikwenda mgodini Nyarugusu nikiwa mgongoni, akafia huko. Na mama alikuwa mke wa adabu, jina la mume halikupita mdomoni mwake mpaka tunamzika. Ninachojua, kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa nusu."

Akida, fundi cherehani ambaye mdomo wake ulikwenda mbio kuliko mashine yake, akapanda lori kwenda kutafuta kidole. Mzee Kalisti, karani wa mgodi uliokufa, alikuwa na madaftari ya vibarua chini ya kitanda, panya wameshayasoma kabla yake. Kila mwezi kila kibarua aliweka dole la wino mbele ya jina lake. Ukurasa wa Agosti, hilo hapo: dole nusu. Luhende.

"Ngoja tutazame na kurasa za nyuma," alisema Kalisti.

"Mzee wangu, mtoto analia," alisema Akida, tayari yuko mlangoni.

Shangazi akamnong'oneza mtoto jina lile sikioni. Kimya. Wakapika pilau.

Siku ya pili Mwaisha, mkewe Akida, aligundua mtoto hapepesi macho. Siku ya tatu kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu. Siku ya nne, adhuhuri, jua limesimama juu ya bati, kitu kikaanza kugonga chini ya kitanda, ngo, ngo, ngo, kama sururu inayotafuta mwamba, na kila walipokihamisha kitanda mgongo huo wa sururu ulihama nacho, na harufu ya karabai ikapanda mpaka kwenye maziwa ya Mwaisha, na mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza, akawa anageuza uso kumfuata Akida kila alipokwenda, kama mtu aliyemfahamu zamani.

"Baba Luhende," Mwaisha alinong'ona, "anatazama kwa chuki."

"Mtoto wa siku arobaini chuki ataitoa wapi?"

"Sijui. Lakini si mimi anayenitazama."

Akida akarudi Nyarugusu, safari hii hana mzaha hata mmoja. Kalisti akafungua ukurasa wa Aprili. Mbele ya jina Luhende kulikuwa na dole zima.

"Luhende ni huyu. Mei shimo lilimfukia. Kuanzia Juni kipande chake, ile kadi ya kazi, kilikuwa kwa mwenye dole nusu. Ilikuwa kawaida. Mgeni bila kipande haandikwi, na maiti hana haja nacho."

"Kwa hiyo jina nililompa mwanangu si la babu."

"La mtu ambaye babu yako alimshikia kamba." Kalisti alifunga daftari. "Siku tatu tulimsikia kule chini, 'Vuta.' Babu yako alisema kamba imekatika. Baadaye niliiona uvunguni kwake, nzima."

"Jina nalirudishaje?"

"Kamuulize mwenye nalo."

Nyumbani alimkuta Mwaisha kizingitini, haingii ndani. Uvunguni sakafu ilikuwa imefunguka, shimo jembamba lililonyooka chini. Juu ya kitanda mtoto amelala, macho wazi.

"Mwenye jina hili alichukue, aende zake," Akida alisema. "Mwanangu hakuwepo." Akanyoosha mkono ambebe.

Mtoto akakishika kidole gumba cha kushoto cha Akida. Kugonga kukakoma. Akida alijaribu kukichomoa, hakikutoka.

"Mama Luhende," alisema taratibu, "mwambie mwanao aniachie."

Kutoka shimoni, sauti ya mwanamume mzima ikasema, "Vuta."

Mtoto akakipeleka kidole kinywani, kwenye fizi zisizo na jino hata moja, akafunga.