Mistari Sita

Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, Chiriku alishuka mtoni na kitabu chenye jalada la nailoni. Chini ya daraja palisimikwa ubao mrefu wenye alama za sentimita. Alisoma alama iliyoguswa na maji, akaiandika, kisha akaitamka kwa sauti kama alivyofundishwa. Nyumbani, mama yake aliituma kwa simu ofisi ya maji. Kazi hiyo ilikuwa ya mama, mwaka wa kumi na moja sasa. Lakini alikuwa ameteleza akategua kifundo cha mguu, na daktari alimkataza kutembea kwa wiki mbili.

Jina la Chiriku alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Wiki ya kwanza alijigamba shuleni kwamba mhandisi mzima anangoja namba kutoka kwake.

Wiki ya pili majigambo yakaisha. Jioni moja mchezo wa mpira wa pete ulinoga, saa ikampita. Akaketi kando ya uwanja, akafungua kitabu. Asubuhi alikuwa ameandika 142. "Maji yatakuwa yameenda wapi?" alijiambia, akaandika 141. Asubuhi iliyofuata akaandika 142, akalala kidogo zaidi. Mpaka siku ya nne mistari sita ilikuwa imejaa, na yeye hakuwa ameukaribia mto.

Siku hiyo ya nne, kabla ya mapumziko, mabomba ya shule yalikohoa tope, kisha yakanyamaza. Vyoo vikafungwa, wanafunzi wakarudishwa nyumbani. Njiani Chiriku alimwona muuguzi wa zahanati akisukuma toroli la madumu, sare imemganda mgongoni kwa jasho. Alitaka kumsaidia, lakini akaikumbuka ile mistari sita. Akainamisha kichwa, akapita.

Nje ya nyumba yao palikuwa na pikipiki ya ofisi ya maji. Sebuleni mhandisi, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira, alikuwa ameketi na mama.

"Shikamoo," Chiriku alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, msaidizi wetu! Lete kitabu, ninakili namba. Pampu ya mji imevuta tope, imeungua. Baba Pampu anadai mto ulikauka ghafla."

Baba Pampu alikuwa fundi wa mtambo wa maji, jirani yao wa nyumba ya tatu.

"Na wewe unasemaje?" mama alimuuliza mhandisi.

"Mto ungeshuka, tungefungua lango la bwawa. Kitabu chako kinasema haukushuka. Basi ni yeye aliyezembea, akaacha chujio lizibe. Leo naandika barua asimamishwe kazi."

"Masikini," mama alisema. "Lakini kitabu hiki hakijawahi kudanganya."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko kofi. Alishika kitabu kifuani, hakukitoa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwanangu, mpe mgeni kitabu."

"Mama, mistari sita ya mwisho..." Akakifungua kitabu. "Sikwenda mtoni. Nilibuni."

Mama hakufoka. Alimtazama tu, kisha akageuza uso ukutani, na hilo likawa baya zaidi.

Mhandisi alikuwa amesimama tayari. "Twende darajani. Sasa hivi."

Maji yalikuwa yameshuka mno kwenye ubao. Chiriku alishuka kwenye tope, akainama. "Sentimita sitini na nane," alisema, huku machozi yakimdondoka.

"Huko juu ya mto wakulima wamefungulia mashamba maji," mhandisi alisema, akapiga simu bwawani. "Fungueni lango. Ndiyo, mara moja!"

Jioni mto ulianza kupanda, na mafundi wakaleta pampu ya akiba. Lakini Chiriku hakuwa na raha. Mama, ingawa daktari alimkataza, alijikongoja kwa mkongojo, wakaenda pamoja mpaka nyumba ya tatu. Baba Pampu alikuwa mlangoni, mikono bado nyeusi kwa grisi.

"Ni mimi niliyeandika uongo, Baba," Chiriku alisema bila kuinua macho. "Nisamehe. Ulikuwa unasema kweli."

Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa. "Tangu asubuhi watu wananiita mzembe mbele ya wanangu," alisema. "Nimekusamehe. Lakini uje uwaambie na wao."

Chiriku akaingia, akawaambia, mmoja baada ya mwingine, ingawa mmoja alikuwa mwenzake darasani.

Waliporudi, mama alikifungua kitabu, akaikata ile mistari sita kwa wino mwekundu.

"Mama, ningefanyaje siku niliyochelewa?"

"Ungeacha mstari wazi. Mstari mtupu unasema hatujui, na ofisi ingemtuma mtu akatazame. Namba ya kubuni inasema tunajua, kwa hiyo hakuna anayekwenda. Kuchelewa ni kosa dogo, mwanangu. Uliloandika kulifunika ndilo lililonyima mji maji."

Alimrudishia kalamu.

"Kesho saa moja," alisema. "Nitakuwa juu ya daraja, nikikusikiliza unavyosoma."