Gari Lililobalehe

Fundi rangi alikuwa na gari kuukuu lililoanza kunguruma kama lori la mchanga. Majirani walipolalamika, aliwaambia limebalehe, sauti imekuwa nzito.

Kila asubuhi alimpeleka binti yake shule. Mtoto alishuka amelegea, kichwa kinamuuma, tumbo linamchafuka. Baba naye kichwa kilimgonga. Mkewe akasema ni rangi, basi makopo yaliyokuwa garini yakahamishiwa stoo. Harufu ya rangi iliisha, maumivu yakabaki.

Jumamosi wakajiandaa kwenda kwa bibi, mwendo wa saa nne. Fundi rangi akamkalisha binti nyuma, akafunga vioo vumbi lisiingie, akawasha gari, akarudi ndani kumharakisha mkewe. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi magari, alikuja kuwaaga. Aliposikia ule mngurumo hakusalimia mtu. Alizima injini, akamtoa mtoto nje.

"Shemeji, mtoto aliyelala usiku kucha anasinziaje saa hizi?"

"Gari linambembeleza."

"Linamuua."

Aliagiza mtoto apelekwe zahanati kwanza, tena kwa gari la jirani. Waliporudi, daktari akiwa amemtibu, shemeji alikuwa chini ya gari na tochi. Bomba la ekzosi, la kutolea moshi, lilikuwa limetoboka kwa kutu chini ya kiti cha nyuma, na sakafu juu yake ina tundu, masizi yametapakaa.

"Nani kaziba bomba hapa kwa kifuniko cha kopo na waya?"

Fundi rangi akakohoa. Alikiri ni yeye, na kwamba alikipaka rangi ya fedha kipendeze.

"Lakini moshi mbona siuoni?"

"Unaoonekana unakukimbiza. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wewe unayejua rangi zote, hiyo ilikupita."

Akamweleza taratibu. Gari likianza kupiga kelele, au kichwa kikiuma ndani yake na kupoa ukitoka, lizime, mtoke nje, mwende mkapimwe, na gari likaguliwe. Kufungua vioo si dawa. Na gari lisiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa.

Safari iliahirishwa. Gari lilivutwa hadi gereji, kipande kilichooza kikabadilishwa, tundu la sakafuni likachomelewa.

Jumamosi iliyofuata walisafiri. Binti hakusinzia hata kidogo. Aliuliza kwa nini milima haisogei, na nani alihesabu nyota. Mama alichoka kusikiliza mapema. Baba alijibu yote, hata asiyoyajua.