Asiyeuliza Jina

Ilianza na harufu ya udongo uliolowa, mchana kweupe, ndani ya chumba cha kusafisha damu kinachopigwa deki mara tatu kwa siku. Fundi cherehani hakuijali. Alikuwa wiki ya pili wodini kwa ugonjwa wa figo, na pale alikuwa amefungwa kwenye mashine, damu inatoka kwa mrija huu inarudi kwa ule. Saa nne nzima huinuki, hata uitwe na nani.

Nesi mmoja mrefu akaja na kikombe cha vidonge. Viatu vyake havikulia hata kidogo.

"Meza, baba. Ni vyako."

Akameza. Nesi akikwambia meza, wewe ni nani ubishe?

Jioni mfamasia wa wodi alikuta kidonge kimoja kimeanguka shukani. Alimaka.

"Nani anakupa dawa za maumivu, mzee? Hizi ndizo zinakumalizia figo! Nilizifuta mimi mwenyewe siku uliyolazwa."

"Nesi wenu, yule mrefu."

Wodi ile haikuwa na nesi mrefu. Mfamasia akainama, akanong'ona, "Sikiliza, baba yangu. Hapa hatumpi mtu dawa kabla ya kumuuliza jina na kulilinganisha na karatasi. Asiyekuuliza jina, usipokee chake."

"Nimekusikia, mwanangu. Gauni la harusi la binti yangu bado halina mikono. Sitaki kufa, jamani."

Keshokutwa yake akarudishwa kwenye mashine. Harufu ikatangulia, kisha yule nesi, kikombe mkononi. Fundi akabana midomo. Nesi akaketi kando yake, akaweka kiganja cha baridi juu ya mirija, na ile baridi ikaingia na damu, ikapanda mkononi, begani, hadi kifuani, naye fundi hawezi kujichomoa wala kusogea, akaona bora aseme kuliko kufa kimya.

"Toka! Mbona hujaniuliza jina?"

Nesi akatabasamu, akaondoka. Loo, fundi alifurahi! Kumbe amemfundisha kuuliza jina.

Haikupita muda, sauti ya mfamasia ikasikika nyuma ya pazia la kitanda jirani. "Jina lako nani, baba yangu?"

Akalitaja upesi, lake, la baba na la babu. Udongo uliolowa ukanuka tena.

Ndipo mfamasia alipoingia kwa mlango, karatasi mkononi. "Jina lako nani, mzee?"

Fundi akafumbua kinywa. Sauti haikutoka. Nyuma ya pazia sauti yake mwenyewe ikajibu, jina lake, la baba na la babu. Mfamasia akaridhika, akapita kitanda cha fundi kana kwamba ni kitupu, akaingia kule nyuma ya pazia.

Binti wa fundi akafuata, kifurushi kifuani, naye akampita baba yake, akaingia kule kule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea lile gauni?"

Mashine ilikuwa imebakiza saa mbili.