Aliyeifuta Sauti ya Nirupama

"Haifai," Kathir, fundi wa sauti, alisema kwenye maiki yake.

Nirupama alikuwa ndani ya chumba cha kioo, amesimama na karatasi za maneno mkononi. Akauliza kwa upole, "Haifai wapi, bwana Kathir? Nionyeshe sentensi, niirudie."

"Si sentensi. Ni yote. Ulimi wa kwenu Kerala unasikika."

"Mwanamke wa kwenye filamu katoka Kerala."

"Hata hivyo."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi nyuma ya Kathir na bilauri yangu ya kahawa ya maziwa, nasubiri niitwe. Naitwa Sugandhi. Sura yangu huijui, ila kama umewahi kuangalia filamu ya Kitamil ukamwona Nirupama analia mvuani, basi aliyekuliza ni mimi. Nina miaka hamsini na mbili, magoti yananisumbua, na nusu ya wanaume wa Chennai wanaipenda sauti yangu wakidhani inatoka kwenye ule mdomo mzuri. Ndiyo kazi yetu hapa Saligramam, mtaa wa studio za filamu. Mwigizaji anatoa sura, sisi tunatoa sauti, watu wanarudi nyumbani wameridhika.

Miaka kumi na moja, filamu ishirini na tatu, Nirupama hajawahi kusikika hata mara moja. Kwenye hafla nako maprodyuza walimwekea sharti: unganisha viganja, tabasamu, sema vanakkam ya salamu, kaa chini. Waliogopa watu wasije wakagundua kwamba sauti ya jukwaani si ile ya sinema. Mtu anaitwa jina na umati mzima, na hawezi kuwaambia hata kwamba ana kiu.

Jumapili mchana alikuwa ananipigia simu mimi.

"Dada Sugandhi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mpishi kaniachia wali wa mtindi. Dada, nisemeshe tu, chochote kile. Leo sijafungua mdomo tangu niamke."

Basi namwambia bei ya bilinganya, namwambia majirani zangu walivyopigania zamu ya maji. Anacheka. Kisha anasema, "Ukikohoa, kunywa dawa haraka. Ukiumwa wewe, mimi nakuwa bubu." Nilikuwa nacheka pia, ila nikikata simu roho inaniuma.

Sasa ana miaka thelathini na sita. Hapa mjini, mwanamke wa umri huo anapewa kuwa mama wa staa mwenye miaka hamsini na nne. Nirupama alijua hii ndiyo filamu yake ya mwisho kama nyota, akaweka sharti moja kwenye mkataba: safari hii nasema mwenyewe. Alitaka watu wamsikie, mara moja tu, kabla hawajamsahau. Mwongozaji, bwana Manimaran, hakukataa. Watu wa mji huu hawakatai, wanamsukumia mwingine. Alisema, "Mwenye masikio ni Kathir. Kathir akisema inafaa, inakwenda. Akisema haifai, Sugandhi yupo."

Na Kathir ndiye huyo kashasema, na Manimaran alishaambiwa asubuhi.

Nirupama akatoka kwenye chumba cha kioo, akaja kusimama mbele yake. Miaka kumi na moja walikuwa hawajaonana. Filamu zake zote zinapita kwenye mikono ya Kathir, lakini yeye alikuwa hana sababu ya kufika studio, maana mdomo wake nilikuwa mimi.

"Kitamil ulinifundisha wewe," akasema. "Miezi mitatu, juu ya paa la ile nyumba ya wageni Vadapalani. Ulisema hata nikikusomea ratiba ya treni utakaa usikilize."

"Ni zamani."

"Ndiyo, ni zamani. Filamu yangu ya kwanza niliisema yote mwenyewe, siku sita, na wewe umekaa hapo hapo. Siku ya maonyesho ukaniambia una kazi. Nikaenda ukumbini peke yangu. Nikafungua mdomo kwenye skrini, akaongea mtu mwingine. Nilikupigia mara kumi na tisa, Kathir."

Ule ubwana ulikuwa umeshamtoka mdomoni. Kathir aliangalia vitufe vyake.

"Ukanijibu kwa meseji moja, naikumbuka mpaka leo. 'Usinisubiri. Mimi si wa hadhi yako tena. Kila la heri.' Nyumbani Kerala baba alikuwa anakungoja uje useme habari ya ndoa. Nikamwambia umekufa. Niliona hiyo ni rahisi kuliko kueleza."

"Mwongozaji wa wakati ule ndiye aliyeamua, Niru. Unajua mambo ya huku."

Hapo mimi nikashindwa kuvumilia.

"Muongo wewe," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Dada Sugandhi, haya hayakuhusu," Kathir akasema.

"Yananihusu tangu siku ile. Nilikuwepo. Nilikuja kuomba kazi, nina miezi minne sijashika maiki. Mwongozaji alikuuliza, 'Sauti ya huyu binti inafaa?' Alikuwa keshaipenda, alitaka neno lako tu. Ukamwambia haifai, watu watacheka. Ukaifuta mbele ya macho yangu, halafu ukaniambia niingie nianze."

Nirupama hakumwangalia Kathir. Aliniangalia mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Jumapili zote hizo unanipa bei ya bilinganya, ulijua?"

"Nilikuwa na watoto wawili na mume asiye na kazi. Baadaye watoto wakakua, nikawa sina tena kisingizio, nikanyamaza hivyo hivyo. Sina la kujitetea, mdogo wangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Yeye hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Alirudi kwenye chumba cha kioo, akafunga mlango, akavaa hedifoni, akasema, "Kathir, niangalie. Sasa sema kwa nini."

Ukiwa upande wa mitambo, lazima ubonyeze kitufe ndipo aliye ndani akusikie. Kathir alibonyeza, akaachia. Akabonyeza tena.

"Kila kitu chako kilikuwa kinakwenda kwa watu," akasema. "Picha zako zilikuwa zinabandikwa kila mtaa. Nilikaa hapa siku sita nasikia sauti yako, nikawaza, na hii nayo inakwenda. Kila mwenye tiketi atakuwa nayo. Nikataka kitu kimoja kibaki changu."

"Kwa hiyo ukaichukua."

"Nikaichukua."

"Na mimi mwenyewe ukaniacha."

"Baada ya kuifuta sikuweza kukutazama. Nilijua ukiniuliza nitasema, na nikisema utaniacha. Nikatangulia kuondoka mimi. Ni uoga tu, Niru. Sina jina lingine la kuupa."

"Umeoa?"

"Sijaoa. Kabla dada Sugandhi hajaja kurekodi, huwa naletewa sauti yako ile iliyorekodiwa wakati wa kupiga filamu. Nafunga mlango, naisikiliza yote. Nakusikia unapoomba maji. Nakusikia unapoimba kidogo wakati wanapanga taa. Nikimaliza naifuta."

"Filamu ishirini na tatu."

"Zote."

Nilidhani atalia. Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Unajua mimi nilikuwa naishi vipi? Nakula na televisheni. Nikiingia dukani nanyoosha kidole, mwenye duka asinisikie. Mama mmoja Madurai alinishika mkono, akaniomba nimsemeshe mtoto wake mgonjwa, neno moja tu. Prodyuza alikuwa pembeni yangu, nikatabasamu. Yule mama akaondoka anasema nina maringo. Nimekaa nikiamini hakuna mtu duniani anayenisikia. Kumbe yupo, na hakuona haja ya kunipigia simu."

Kathir alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Usilie, una kazi," Nirupama akasema. "Nasubiri ukurasa wa kwanza."

Simu ya Kathir ikalia. Alikuwa Manimaran, na sauti yake huwa inasikika mpaka barabarani.

"Sugandhi kashaanza?"

Kathir alinitazama. Mimi nikachukua mkoba wangu, nikausimamisha juu ya mapaja, nikatikisa kichwa.

"Bosi, nilikosea," Kathir akasema. "Sauti ya Nirupama inafaa. Ndiyo itakayokwenda."

"Asubuhi umeniambia haifai."

"Nilikudanganya."

"Wasambazaji watanitafuna. Ikianguka hii, Kathir, hugusi filamu yangu nyingine. Na nitawaambia wenzangu wote."

"Waambie."

"Wewe ni mzima kweli?"

"Leo ndiyo mzima," akajibu, akakata. Kisha akabonyeza kitufe na kumwambia mwanamke wa nyuma ya kioo, kwa heshima kama anaongea na mgeni, "Karibu uanze."

Nilitoka nikawaacha. Nimepanda ngazi za studio ile miaka chungu nzima, lakini siku hiyo kuzishuka kulinichukua muda mrefu.

Jumapili ile simu haikulia. Iliyofuata haikulia. Nilikuwa nakaa na simu jikoni, napika kitu ambacho sina hamu nacho, najiambia pengine mtandao una shida. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nimezoea kudhani namsaidia yeye, kumbe na mimi nilikuwa sina mwingine wa kuongea naye.

Filamu ilipotoka nilikwenda onyesho la kwanza, saa nne asubuhi. Alipotamka neno lake la kwanza, vijana wa mstari wa mbele wakaangua kicheko.

"Huyu ni nani tena? Wamemtafuta mpishi ndiye amsemee?"

Nilishika kiti kwa nguvu. Nilitamani kusimama niwaambie ndiye yeye, ndiye yeye siku zote. Lakini Nirupama aliendelea kusema, kwa ile sauti yake nzito ya kukwaruza, wala hakuwabembeleza. Ikafika pale mwanamke anapomwambia mumewe kwamba nyumba yao imekuwa kimya mno. Wale vijana hawakucheka tena. Mama aliyekaa pembeni yangu akajifuta machozi kwa ncha ya sari, akaninong'oneza, "Mbona kama anaongea na mimi?"

Sitakudanganya kwamba filamu ilivunja rekodi. Ilikaa wiki tatu ikashushwa. Magazeti yaligawanyika, wengine wakamcheka, wengine wakauliza alifichwa wapi. Manimaran alitimiza neno lake, na Kathir akaanza kurekodi matangazo ya sabuni na mafuta ya nywele.

Halafu Jumapili moja, mchana, simu ikalia.

"Dada Sugandhi, umekula?"

Nilikaa chini pale pale jikoni.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimepika mwenyewe. Dada, bado nina hasira na wewe."

"Kuwa nayo. Ni haki yako."

"Lakini nimekukumbuka sana, na hilo linanizidishia hasira. Kathir aliniandikia wiki iliyopita. Nikusomee?"

"Nisomee."

"'Niru, sistahili hata kukuomba. Nataka kuja kuomba msamaha, na moyo wako ukiruhusu, nikuombe uwe mke wangu. Sema unachotaka nifanye, nitafanya.'"

"Na wewe unampenda?"

Nilisikia kijiko kinakoroga kitu sufuriani.

"Nampenda. Sikuwahi kuacha. Ndiyo maana nimeteseka kiasi hiki."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwandikia hivi. 'Miaka kumi na moja wewe umenisikia, mimi sijakusikia hata siku moja. Njoo Jumapili asubuhi. Utaongea wewe. Anzia siku ile uliyofuta, uniambie ulivyoishi, mwaka kwa mwaka, usiruke hata wiki. Ukimaliza ndipo nitajua kama nataka mume.'"

"Atakuja?"

"Yupo sebuleni tangu saa mbili. Koo limemkauka, nimekuja kumpashia maji. Amefika mwaka wa tatu."

Nikabana simu sikioni, mimi niliyeishi kwa kusema, nikasikiliza. Nikasikia hatua zake zinatoka jikoni, simu bado iko wazi mkononi. Nikasikia bilauri inawekwa mezani, na mwanamume aliyekwama katikati ya sentensi, anahema, hajui aanzie wapi.

"Endelea, Kathir," Nirupama akamwambia, kwa sauti yake mwenyewe. "Nakusikia."