Namba Inayoitika Kila Mara

Aliyemuua Gérard Mwansa alimwekea mto.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta Huguette Kalenga tangu dakika ya kwanza. Maiti ilikuwa chali chini ya ngazi ya nyuma ya jumba moja la mtaa wa Golf, kisogo kimepasuliwa na ukingo wa saruji. Chini ya kisogo hicho mtu alikuwa ameweka koti la buluu, limekunjwa vizuri kabisa, kama anayemlaza mgonjwa. Wauaji aliozoea Inspekta hukimbia. Huyu alikaa akakunja koti.

"Wezi, mukubwa?" aliuliza msaidizi wake, Sylvain.

"Mwizi haachake koti yake, Sylvain. Anabebaka ya bengine."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumba lile lilikuwa ofisi ya Lala Vema, kampuni inayouza mipango ya mazishi kwa njia ya simu. Vijana thelathini huketi humo kutwa nzima, wakiwapigia watu majumbani mwao na kuwabembeleza walipie jeneza wakiwa bado wanapumua. Kila mtu na riziki yake. Marehemu alikuwa muuzaji wao hodari kuliko wote.

Daktari wa uchunguzi alipiga magoti, akapima, akaandika. Aliponyanyuka hakuonekana kufurahi.

"Alikufa samedi, après-midi," alisema, akiandika Jumamosi alasiri kwenye karatasi yake. "Lakini hakukufa mara moja. Aliishi saa moja, pengine mbili. Wangemufikisha hospitali, leo ungekuwa unamuuliza maswali yeye mwenyewe."

"Kuna dalili za kupigana?"

"Hakuna. Alisukumwa mara moja tu, akaanguka. Tena angalia pale."

Kwenye daraja la chini la ngazi, vumbi lilikuwa limefutika kwa upana wa makalio ya mtu mzima. Mtu alikuwa ameketi pale. Aliketi na kumtazama mwenzake akimalizika, saa moja, pengine mbili. Inspekta alihisi hasira ikimpanda, akaimeza, kwa maana hasira haijapata kuandika ripoti nzuri.

Aliyeikuta maiti ni Laurentine, mama wa kufanya usafi. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Samedi uliondoka saa ngapi, mama?"

"Midi, saa sita na kidogo. Bote walikuwa wameenda. Gérard alibakia kumaliza liste yake."

"Uliona muntu?"

"Muzee moja, ku portail, ku mulango ya inje. Alivaa koti ya bleu. Aliuliza kama Gérard iko."

"Alikuwa na kasirani?"

"Hapana, mama inspecteur. Alinisalimia muzuri, akaniuliza na habari ya batoto." Laurentine alifikiri kidogo. "Ila simu yake haikuwa mu mufuko. Aliishika mu mukono, sawa yai."

Ile orodha ilikuwa bado mezani kwa Gérard. Inspekta aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaketi. Majina na namba za simu hazikumshangaza. Kilichomshangaza ni maneno yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu. *Bwana iko na kansa. Mutoto wa kwanza alikufa mwezi wa tano. Binti alipotea, miezi saba.* Baadhi ya majina yalikuwa na nyota nyekundu.

Alimwita Syntiche, msichana aliyekaa meza ya jirani na Gérard. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na kope zake zilikuwa zimevimba kwa kilio.

"Hii nyota ni ya nini?"

"Ni namba zenye kuitika kila mara, mama. Bantu bengine bakiona numéro hawaijui, banaacha iite. Ba nyota banaitika tu, hata ukiita mara kumi."

"Na mukiambiwa mufute namba?"

"Ya kawaida tunafutaka. Ya nyota, hapana. Gérard alisema iyo njo shamba yake."

"Sasa hizi habari za bagonjwa na bantu bamekufa, alizipata wapi?"

Syntiche alitazama kucha zake.

"Syntiche."

"Mu cahier ya maombi."

Inspekta hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana mama yake mzazi naye huandika humo. Vikundi vya maombi mjini huwa na daftari hilo mlangoni. Mwenye shida anaandika jina, shida yake na namba ya simu, ili waombezi wampigie na kuomba naye akiwa nyumbani. Watu huandika humo mambo ambayo hawajamwambia hata ndugu wa damu. Gérard alikuwa katibu wa kikundi kimoja cha namna hiyo. Jumatano jioni alipiga magoti kuwaombea, na siku nyingine zote aliwauzia majeneza.

"Aliona ni mubaya?" aliuliza Inspekta.

"Alisema anabasaidia mara mbili."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Gérard alikuwa ameupanga kwa safu na kuutilia nyota. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Inspekta alishindwa kumhurumia marehemu, akaona aibu kwa kushindwa huko.

Sylvain alileta taarifa ya simu zilizopigwa kutoka ofisini. Nyingi za Jumamosi zilikuwa za sekunde chache, watu wakikata. Moja ilikuwa ndefu. Ilianza saa nne na dakika arobaini asubuhi, ikadumu dakika tisa. Namba ilikuwa ya nyota. Pembeni: *Binti alipotea, miezi saba.* Jina: Rigobert, mstaafu wa reli.

Inspekta aliligeuza lile koti ndani ya mfuko wa ushahidi. Vifungo vyake vya shaba vilikuwa na alama ya gurudumu, vile vya wafanyakazi wa treni wa zamani.

"Tuende," alisema.

Kambi ya zamani ya reli ina nyumba za matofali zilizopangwa mstari mmoja, na mlango wa Rigobert ulikuwa wazi. Mzee wa miaka sitini na sita hivi alikuwa ameketi mezani na mkewe, Albertine. Redio ilikuwa imezimwa. Katikati ya meza, juu ya sahani, palikuwa na simu ndogo ya vibonyezo, imechomekwa kwenye chaji.

"Karibuni," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Mutanisamehe, hapa tunaongeaka pole pole. Tusikose kuisikia."

Kabla Inspekta hajaketi, simu iliita. Mkono wa mzee uliifikia kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Séphora?" Alisikiliza kwa sekunde mbili. "Hapana, mama. Aksanti." Akakata, akairudisha juu ya sahani.

"Nani huyo?"

"Banauzisha filtre ya mai ya kunywa."

"Ni ya ngapi leo?"

"Ya kumi na moja."

Haikuwa hata saa sita mchana. Inspekta alimtazama mama.

"Kwa nini musiache kuitika namba hamuzijui?"

"Mutoto wetu hana simu tena," alijibu Albertine. "Siku ataweza kuita, ataita na simu ya muntu. Tutajua namuna gani ni ile ipi?"

Séphora alikuwa na miaka kumi na tisa. Miezi saba iliyopita alifuatana na mwanamke aliyemwahidi kazi ya kushona. Siku ya pili simu yake ilizimika. Wazazi walifika polisi, wakaandikisha, wakaambiwa wangoje. Faili hilo Inspekta alilijua. Lilikuwa kwenye rafu ya kituo chake mwenyewe, chini ya mafaili mengine, na tangu liwekwe hapo hakuna mkono uliolifungua. Alijisikia vibaya hata akataka kuinuka aondoke.

Lakini kazi ni kazi.

"Papa Rigobert, koti yako ya reli iko wapi?"

Mzee alivuta pumzi. Mkewe aligeuka kumtazama.

"Munayo mweye, bapolisi," alisema.

Albertine alijifunika mdomo kwa kitenge. Sylvain alisogea mlangoni, ingawa mzee hakuonyesha nia ya kwenda popote.

"Elezea," alisema Inspekta. "Anzia samedi asubui."

"Aliita. Akasema, Papa Séphora, niko na neno juu ya mutoto."

"Alikuwa nalo?"

"Hakuwa na kitu. Akasema banamuombea. Kisha akasema, papa, siku mwili wa mutoto utapatikana, mutauzika na nini? Nikamuambia mutoto wangu hakufa. Akaendelea tu, na sauti ya pole, ya upendo. Mi nikabakia nasikiliza, juu nilizania ile neno ingali inakuya. Dakika tisa."

"Kisha?"

"Kisha message ikaingia."

Akaichukua simu, akabonyeza, akampa. Ulikuwa ujumbe wa mtandao, ule unaomjulisha mtu kwamba alitafutwa laini yake ikiwa na shughuli. Namba fulani ilikuwa imempigia mara mbili: saa nne na dakika arobaini na tatu, na saa nne na dakika arobaini na saba. Inspekta aliusoma mara mbili, ingawa aliuelewa mara ya kwanza.

"Uliita ile namba?"

"Mara moja. Mama moja aliitika, anauzisha samaki ya kukausha kule Pweto, ku ziwa. Akasema binti moja alikuya kumuomba simu, amekonda, analia. Aliita papa yake, iko occupé. Akangoja. Akaita tena, iko occupé. Halafu bantu bakamukamata mukono, bakamuingiza mu mutumbwi. Walivuka ngambo. Wameenda Zambia."

Albertine alikuwa analia bila sauti. Ilionekana wazi kwamba hata habari hiyo ndiyo kwanza anaisikia.

"Hukuniambia, Papa Séphora," alisema.

"Ningekuambia nini? Kwamba aliita na miye nilikuwa nasikiliza habari ya sanduku ya kuzikia?"

Inspekta aliweka simu juu ya sahani kwa uangalifu.

"Ulienda Golf kumuua?"

"Nilienda kumuomba. Nilimuambia, mutoto wangu, futa namba yangu, sina neno lingine. Alicheka kidogo, tena haikuwa na ubaya. Akasema, papa, namba yenye kuitika hatufutake. Akanigeuzia mugongo. Nikamusukuma, akapinduka." Alitazama viganja vyake. "Sikujua ngazi iko karibu vile."

"Hakufa palepale."

"Alikuwa anapumua. Nilimuwekea koti. Nilipiga makelele, lakini Golf kuta ni ndefu na ba groupe za umeme zinanguruma, nani atasikia? Kutoka ku barabara niliogopa, asikufe peke yake. Nikakala naye. Nilimusomea Salamu Maria."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alinyamaza."

Hapo Inspekta Kalenga, mwenye miaka kumi na sita kazini, alisikia sauti yake mwenyewe ikipasuka.

"Daktari anasema angepona. Angepona, papa. Ulikuwa na simu mu mukono. Kwa nini haukuita muntu?"

Rigobert alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama ameulizwa kwa nini watu hula.

"Nikiita, laini inashikwa," alisema. "Mutoto alishaniita mara mbili akakuta iko occupé. Akijaribu tena saa ile, akute vile vile?"

Sylvain alitoa pingu, akazishika tu, asijue amfunge saa ngapi. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayetapatapa humzamisha hata aliye karibu naye. Kisheria ilikuwa kesi rahisi: mtuhumiwa amekiri, ushahidi upo, sababu inajulikana. Inspekta alikuwa hajapata kuona kesi rahisi iliyomwumiza hivyo.

Mzee alinyoosha mikono mwenyewe. Pingu zilipofungwa, aliuliza swali moja.

"Simu itabakia kwa Mama Séphora?"

Nyumba ile ilikuwa na simu hiyo moja tu. Inspekta alitafuta uongo mzuri, akaukosa.

"Ni kielelezo, papa. Yenyewe na laini yake. Sheria inasema tuizime, tuitie mu bahasha, iende kwa mwendesha mashtaka."

Mtu aliyesimulia kifo bila kutetemeka sasa alipiga magoti kwenye saruji. Hakupiga kelele. Alisema "mama, hapana, mama, hapana," huku akikumbatia miguu ya Inspekta kwa mikono yake iliyofungwa, naye mkewe akaja akapiga magoti kando yake. Sylvain aligeukia ukuta.

Inspekta aliichukua simu, akabonyeza tarakimu chache, akaandika humo namba yake mwenyewe, akathibitisha. Kuanzia hapo, kila atakayempigia Rigobert angeipata simu ya Huguette Kalenga, hata hii ikiwa imezimwa ndani ya bahasha. Aliwaeleza wote wawili, pole pole, mara mbili, mpaka walipoelewa. Kisha akaizima.

Alasiri alilitoa faili la Séphora rafuni, akalifungua, akaandika Pweto kwenye ukurasa wa pili, na namba ya mama wa samaki.

Siku ile simu yake iliita mara kumi na tisa kwa namba asizozijua. Filtre za maji, viwanja vya Kipushi, dawa ya mgongo, na saa kumi jioni sauti changa ya upole kutoka Lala Vema. Zote alizipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Kila mara alisema "Séphora?", akasikiliza kwa sekunde mbili, akashukuru, akakata upesi ili laini ibaki wazi.