Siku Fundi Hakubisha Hodi

Haya yalimpata kaka yangu wa tumbo moja, si maneno ya kuokota kijiweni. Nusu nimesimuliwa na yeye mwenyewe pamoja na shangazi. Nusu nyingine niliiona kwa macho yangu nyumbani kwa mama, na ningekuwa na uwezo ningeirudisha nilikoitoa.

Kaka ni fundi rangi mjini. Mkono wake ni mwepesi, na ukuta aliopaka yeye unaujua hata ukiwa umepita tu barabarani. Fundi aliyemfundisha kazi alimwachia mwiko mmoja: usiingie nyumba tupu bila kubisha hodi. Hata kama funguo ziko mfukoni mwako, hata kama mwenyewe alishazikwa, bisha, subiri kidogo, ndipo uingie. Kaka alikuwa akiucheka mwiko huo, lakini aliufuata. Mafundi wote wanaufuata, na ukiwauliza sababu wanabadilisha mazungumzo.

Kasoro yake kaka ilikuwa mdomo. Alipanga chumba kimoja nyuma ya gereji, akilala na makopo ya rangi kama ndugu zake, lakini mama alipomuuliza kwenye simu kama ameshaanza kujenga, alijibu kwamba ameanza. Basi ukishaanza msingi lazima upandishe kuta. Kwa simu kaka alijenga haraka kuliko mkandarasi yeyote. Akaezeka, akaweka vigae, akapandisha na ghorofa. Mama alimtangazia kila aliyemsalimia, na mimi ninayesuka nywele za watu niliringa na nyumba hiyo kwa kila kichwa kilichokaa mbele yangu.

Ndipo mama akasema anakwenda kuiona. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yakibaki kuona mwanga na vivuli tu. Alisema anataka kuifikia nyumba ya mwanawe kabla macho hayajafunga duka. Angekwenda na shangazi, wafike Jumamosi na kuondoka Jumapili. Kaka angeweza kusema ukweli siku ile. Alisema, "Karibuni sana."

Wakati huo alikuwa akipaka nyumba ya ghorofa ya mama mmoja aliyefariki baada ya kuishi humo peke yake kwa miaka mingi. Watoto wake walikuwa mbali na walitaka iuzwe. Samani zilikuwa bado ndani, zimefunikwa mashuka, na funguo alikuwa nazo kaka. Akaona Mungu amemfungulia njia. Wageni angewalaza gesti kwa kisingizio cha harufu ya rangi, halafu Jumapili angewapitisha pale, waione, wapande basi.

Jumamosi ilikuwa nzuri, hilo hata shangazi analikubali. Kaka aliwapokea stendi, akawatembeza sokoni, akawapeleka bustanini kwenye maji yanayoruka. Mama hakuyaona, lakini alisimama karibu hadi rasharasha zikamlowesha uso, akacheka kama msichana. Kwenye jengo refu shangazi aligoma kuingia lifti, akasema yeye hasafiri ndani ya kabati. Waliishia kukaa chini na kusikiliza magari, mama akimuuliza kaka hii ni sauti ya nini, na ile je. Kaka aliniambia kwamba saa zile alikuwa na furaha kiasi cha kusahau kesho ina nini.

Jumapili asubuhi wakafika kwenye nyumba. Kaka alifungua geti, akafungua mlango, akasimama kizingitini. Ulimi ulikuwa tayari kusema hodi, kwa mazoea. Lakini shangazi alikuwa nyuma yake, na shangazi hapitwi na kitu. Mtu gani hubisha hodi kwake?

Akaimeza. Akaingia moja kwa moja na kusema kwa sauti ya mwenye mali, "Karibuni nyumbani kwangu."

Anasema ndani kulikuwa na ubaridi kidogo. Basi.

Ukuta wa korido alikuwa ameumaliza usiku wa jana yake, baada ya kuwafikisha wageni gesti, rangi ya krimu, na haukuwa umekauka vizuri. Kabla hajasema neno, mama alikuwa ameshaushika, akiupapasa kwa mkono wa kushoto kama anavyofanya kila anapoingia mahali pageni. Alama za kiganja zikajipanga ukutani. Kidole chake cha mwisho kimepinda tangu alipobanwa na mlango utotoni, kwa hiyo kila kiganja kilikuwa na kidole kimoja kinachotazama pembeni. Kaka akacheka, akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akamkalisha sebuleni kwenye kiti kilichofunikwa shuka. Magoti ya mama hayakutaka ngazi. Alibaki chini, na shangazi akapandishwa juu kuonyeshwa vyumba.

Wakiwa huko juu walimsikia mama anaongea. Anasema kidogo, ananyamaza, anajibu. Shangazi alidhani anaomba dua. Kaka alijua sauti ya dua ya mama, na ile haikuwa dua.

Waliposhuka walimkuta peke yake. Lakini kiti kilichomwelekea kilikuwa wazi. Shuka lake lilikuwa juu ya meza, limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

Kaka hakuuliza. Aliogopa kuuliza mbele ya shangazi, aliogopa uongo wake kuliko alivyoogopa lile shuka. Aliwaharakisha, kwamba basi litawaacha. Mlangoni mama aligeuka akasema kwa upole, "Haya, mwenzangu, tutaonana." Shangazi akamuuliza anamuaga nani. Mama akacheka tu, akampapasa kaka mgongoni. Jumatatu kaka alirudi, akabisha hodi mara nyingi kuliko kawaida, akapiga rola juu ya zile alama hadi zikapotea. Akamaliza kazi, akakabidhi funguo.

Mama alirudi kwetu mwenye furaha. Rangi ya krimu ilikuwa imebaki kwenye mistari ya kiganja chake cha kushoto, nami nilimsugua kwa sabuni na jiwe bila mafanikio. Nilidhani itatoka yenyewe.

Siku chache baadaye nilikuwa nachambua mchele, nikamwona mama katikati ya ukumbi ameinua mguu. Ameuinua juu, kama mtu anayetafuta kidato cha ngazi. Akaushusha taratibu. Akavuta pumzi, akainua mwingine.

"Mama, unafanya nini?"

"Ngazi hizi zitaniua," akasema, akiwa amechoka kweli.

Nyumba yetu haina ngazi hata moja.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na keshokutwa. Mchana kweupe, mlango wazi, kuku wanapita. Alikuwa akishika ukuta kwa mkono wa kushoto na kupanda palepale alipo. Akitoka hapo, jasho linamtiririka na magoti yamevimba. Aligonga kabati akisema mlango ulikuwa hapa. Alinyoosha mkono kutafuta swichi mahali pasipo na swichi. Siku moja akaniambia amefika kwenye kona, pale ngazi zinapogeuka, na kwamba zilizobaki si nyingi.

"Huko juu kuna nini, mama?"

"Mwenzangu ananingoja. Ameshanitandikia."

Nikampigia kaka. Nikamuuliza kama ngazi za nyumba yake zina kona. Akasema zinayo, kwani vipi. Nikamwambia mama hakupanda ngazi zile, shangazi ameapa hakupanda, basi kona ameijuaje. Kaka akaanza kulia, mtu mzima yule, akanieleza yote: chumba cha nyuma ya gereji, funguo, hodi aliyoimeza.

Sikumpa pole. Nilimwambia nguo ya kuazima haisitiri matako, na apande basi leo hii aje amwambie mama ukweli. Mama alikuwa akienda kule kwa sababu aliamini ni kwa mwanawe. Akijua si kwake, atarudi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Akasema kesho. Ilipofika kesho akasema kuna kazi ya kumalizia. Halafu akasema Jumamosi. Si kwamba hakumpenda mama. Alikuwa anapanga maneno, na kila alipoyapanga aliona uso wa mama ukilowa kwenye maji yale ya bustanini, unacheka. Huku kwetu mama alizidi kukonda, akiinua mguu, akivuta pumzi, akiinua mwingine.

Alipofika hatimaye, mama alikuwa amelala. Hakuwa anapanda tena. Tangu asubuhi alikuwa ametulia sana, na mimi mjinga nilikuwa nimefurahi. Kaka alipiga magoti kando ya kitanda, akashika mkono wake ule wenye krimu.

"Mama. Ile nyumba si yangu."

"Najua," mama akanong'ona.

Tulitazamana, mimi na kaka.

"Mwenyewe aliniambia," mama akaendelea, polepole. "Aliketi mbele yangu akaniuliza, huyu aliyeingia bila hodi na kusema ni kwake, ni nani? Nikamwambia ni mwanangu, na kwake ni hapa. Akaniuliza kama naweza kuapa. Nikaapa. Akasema basi wewe ni mama wa mwenye nyumba, huwezi kulala gesti, lazima uje ukae nami."

"Kwa nini uliapa, mama?" kaka akauliza. "Na ulijua."

"Nikuaibishe mbele ya mtu nisiyemjua?"

Kaka alilaza uso wake kwenye godoro. Alisema watarudi wote wawili kesho asubuhi, ataomba radhi, atapiga magoti kizingitini, atasema uongo ulikuwa wake na kiapo si cha mama. Mama alimpapasa kichwa. Alikuwa anatabasamu.

"Nimeshafika juu, mwanangu. Usinirudishe ngazi zote zile."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwetu. Daktari alisema ni moyo na umri, nasi tuliitikia kwa kichwa. Shangazi ndiye aliyemwosha. Aliniambia pembeni kwamba nyayo za mama zilikuwa na vumbi jeupe, vumbi la ukuta uliopigwa msasa.

Baada ya matanga kaka alirudi mjini. Aliacha kusema uongo kabisa, hata ule mdogo wa kumwambia mteja nakuja sasa hivi. Chakula kilimshinda. Akawa anafanya kazi na kurudi chumbani kwake nyuma ya gereji, akisema kila alipojinyoosha kitandani aliona kuna mtu amechoka kwa ajili yake.

Halafu mnunuzi wa ile nyumba akampigia. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao. Alimuuliza kama alipaka rangi au alichora. Kaka akaenda. Mnunuzi akamwonyesha ukuta wa korido, ambao ulikuwa safi, halafu akamwonyesha ukuta wa ngazi. Viganja vya mkono wa kushoto vilikuwa vimezama ndani ya rangi iliyokauka zamani, kimoja baada ya kingine. Vilipanda hadi kwenye kona, vikageuka na ngazi, vikafika juu, vikaishia kwenye mlango wa chumba cha marehemu. Kila kimoja kilikuwa na kidole cha mwisho kinachotazama pembeni.

Kaka alitafuta upande wa pili, wa kushukia, ule ambao mtu huugusa kwa mkono wa kushoto akiteremka. Hakukuwa na hata kimoja.

Mnunuzi alisema labda ni watoto walioingia nyumba ikiwa tupu. Akampa kaka funguo aje apake upya wakati mnunuzi na familia yake wako kazini na shuleni. Kaka angekataa, lakini akaona pengine ndiyo nafasi yake ya kuomba radhi. Asubuhi ya siku hiyo alisimama kizingitini na ndoo mkono mmoja, rola mkono mwingine. Jua lilikuwa limewaka. Ndani hakukuwa na mtu.

Safari hii hakuimeza.

"Hodi," akasema. "Hodi wenyewe. Mimi ni fundi tu. Hapa si kwangu."

Akasubiri. Nyumba ilikuwa kimya. Halafu kutoka juu, mbali kidogo, ikaja sauti iliyomlea, ile inayogombeza huku inacheka.

"Tangu lini mtu akabisha hodi kwake?"

Kaka alikimbia. Aliacha ndoo, aliacha rola, aliacha funguo zikining'inia mlangoni. Mchana ule alinipigia, na hadi leo ninachokumbuka ni jinsi alivyokuwa akiuliza swali lilelile: kwa nini mama bado ananisitiri, kwa nini bado ananisitiri.

Hajarudi kuchukua vitu vyake. Ila jioni yake mnunuzi alimpigia tena, safari hii akinung'unika, akitaka kujua fundi gani anakuja kuongeza uchafu badala ya kuuondoa. Alama zilikuwa zimezidi. Zilikuwa upande wa pili wa ngazi, wa kushukia, na rangi yake ilikuwa bado mbichi. Zilishuka zote hadi chini, zikapita korido, na kiganja cha mwisho kilikuwa kwenye mlango wa mbele, upande wa ndani, juu kidogo ya kitasa.